Kompyuta mpya ya gemu: ijaribu kabla hujaiamini

Umeiunga mwenyewe, umebonyeza swichi, feni zimezunguka na picha imetokea kwenye skrini. Furaha ya dakika ile naijua. Lakini kuwaka ni jambo moja na kuwa imara ni jambo jingine. Kompyuta inaweza kuwaka kila asubuhi na bado ikawa inakosea hesabu mara moja kila baada ya saa sita, na kosa hilo likatua popote: kwenye gemu inayojifunga bila maelezo, kwenye Windows yenyewe, au kwenye picha za watoto ulizokuwa unazihamisha kutoka kompyuta ya zamani.

Hilo la picha lilinipata mimi. Kompyuta yangu ya pili ilipita kila jaribio la prosesa na kadi ya picha nililolijua wakati huo. Ila kila baada ya siku mbili tatu faili moja la zip lilikuwa linakataa kufunguka. Nikalipakua upya, likafunguka, nikasahau. Nikailaumu intaneti, nikailaumu gemu, nikaweka Windows upya mara mbili. Mwezi wa pili ndipo nilipoipima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) usiku kucha, na asubuhi nikakuta mistari miwili myekundu kwenye skrini, yote miwili ikiwa na anwani ileile. Kipande kimoja cha RAM kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza. Nilipozipitia picha nilizokuwa nimezihamisha, baadhi zilikuwa zimekatika katikati, nusu ya chini ni kijivu kitupu, na nakala za awali nilikwisha zifuta.

Kwa hiyo nakuomba siku chache. Zifanye mapema, wakati muda wa kurudisha vifaa haujapita, na usihamishe faili lolote la maana kabla hazijaisha.

Shika mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza, panda kutoka chini. RAM ndiyo inayopimwa kwanza, tena kabla ya kuweka Windows, kwa sababu kila kitu kingine hupita humo. Ukipima kadi ya picha juu ya RAM mbovu utailaumu kadi bure. La pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha andika ulichobadilisha na kilichotokea. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, jaribio, muda, nyuzi joto za juu kabisa, makosa. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na tatizo likaisha, hujui kilichokuponya.

Na kosa moja ni kosa. Majaribio haya hayawezi kuthibitisha kwamba mashine ni nzima. Yanaweza tu kuonyesha kwamba ina ila. Likitokea kosa moja katika saa nane, jaribio limefeli.

Hatua ya 1: macho na vidole, umeme ukiwa umezimwa

Chomoa kebo ya ukutani, fungua kasha, washa tochi.

Anza na plagi ya umeme ya kadi ya picha. Kama kadi yako inatumia plagi ndogo ya pini 16 (12VHPWR au 12V-2x6), isukume mpaka kusiwe na mwanya wowote kati ya plagi na soketi. Iangalie kwa pembeni, si kwa juu tu, maana ukitazama kwa juu mwanya wa milimita moja hauonekani. Plagi hii inaweza kupitisha hadi wati 600, na tangu mwishoni mwa 2022 zimeonekana kadi zilizoyeyuka plagi, nyingi kwa sababu haikuzama vizuri. Sentimita tatu nne za mwanzo za kebo ziache zimenyooka, usizikunje hapo hapo mlangoni. Kama kadi inatumia plagi za pini 8, kila plagi ipe kebo yake kutoka kwenye pawa saplai badala ya kebo moja yenye vichwa viwili. Plagi moja ya pini 8 imekadiriwa wati 150.

Kebo za pawa saplai zitumike na pawa saplai iliyokuja nazo tu. Vichwa vinaweza kufanana kabisa huku mpangilio wa nyaya ndani ukitofautiana kati ya modeli na modeli, na kosa hilo huunguza diski na ubao mama mara moja. Hili halina nafasi ya kujaribu tena.

Kisha plagi ya prosesa pale juu kushoto mwa ubao mama, RAM iliyobana pande zote mbili, na nafasi zake. Kwa vipande viwili kwenye ubao wenye nafasi nne, karibu kila mara ni nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Hakikisha pia ile karatasi ya plastiki inayofunika sehemu ya chini ya kipoza joto uliitoa. Kama hukumbuki kuitoa, kifungue uangalie.

Hatua ya 2: mara ya kwanza kuwaka, na BIOS

Kama ni mashine ya DDR5, kizazi kipya cha RAM, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza. Ubao mama unajifunza jinsi ya kuongea na RAM. Usichomoe umeme kwa hofu. Ngoja hata dakika kumi na tano. Bao nyingi zina vitaa vinne vidogo vyenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT, na kitaa kinachobaki kinawaka ndicho kinachokuonyesha mahali ilipokwama.

Ukiingia BIOS, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, hakikisha RAM yote inahesabiwa, diski inaonekana, feni ya prosesa au pampu ya maji inazunguka, na prosesa haipandi kwenda nyuzi joto 80 au 90 ikiwa imekaa tu. Ikiwa inapanda hivyo, zima: kipoza joto hakijagusa vizuri au pampu haijaunganishwa.

Sasa sasisha BIOS, hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 ziliungua kwa sababu bao mama zilikuwa zinazipa volti nyingi mno upande wa SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM), na masasisho ya BIOS ndiyo yaliyoweka ukomo wa volti 1.3. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zinaharibika taratibu kwa sababu ya volti iliyopanda kupita kiasi. Maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 ya Agosti na 0x12B ya Septemba mwaka huohuo zilitolewa kuzuia hilo, na waranti ikaongezwa miaka miwili. Maikrokodi hizo hufika kwa BIOS mpya. Haziponyi prosesa iliyokwisha kuharibika, kwa hiyo prosesa mpya ya aina hiyo haifai kubebeshwa mzigo kabla ya sasisho.

Ukimaliza, rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani. Usiwashe XMP wala EXPO bado; ni profaili za kasi ya RAM, nazieleza hatua inayofuata.

Hatua ya 3: RAM, na hapa usiwe na haraka

RAM mpya huwaka kwa kasi ndogo iliyowekwa na JEDEC, shirika la viwango vya RAM, kwa mfano 4800 kwa DDR5, hata kama boksi limeandikwa 6000. Ile 6000 hupatikana kwa kuwasha profaili, XMP upande wa Intel au EXPO upande wa AMD. Profaili hiyo ni kasi iliyozidishwa juu ya kiwango. Aliyeitengeneza RAM ameipima kwenye mitambo yake. Hakuipima na prosesa yako wala ubao wako. Ndiyo maana tunapima mara mbili.

Pakua Memtest86+, ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, au MemTest86 ya PassMark, ambayo toleo lake la bure lina ukomo wa mizunguko minne. Iandike kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine, chomeka, washa, fungua menyu ya kuchagua diski (mara nyingi F8, F11 au F12) na uchague flashi. Ikikataa, zima Secure Boot kwa muda.

Raundi ya kwanza iwe kwa kasi ya kiwandani, mzunguko mmoja kamili. Raundi ya pili, rudi BIOS, washa XMP au EXPO, kisha acha ipime usiku kucha. Kwa GB 32 tegemea saa kadhaa, na ukiwa na GB 64 uwe na subira zaidi. Hesabu ya makosa iwe sufuri asubuhi.

Kosa likitokea raundi ya kwanza, zima, acha kipande kimoja tu, upime. Kisha kipande cha pili katika nafasi ileile. Kipande kinachokosea ndicho kibovu. Kama vyote viwili vinakosea katika nafasi hiyo lakini vinapita katika nyingine, tatizo ni ubao au pini za soketi ya prosesa, au kipoza joto kimekazwa upande mmoja kuliko mwingine. Hilo la mwisho watu hulidharau, lakini kulegeza skrubu na kuzikaza upya kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, kumerudisha uhai wa nafasi nyingi za RAM zilizodhaniwa zimekufa.

Kosa likitokea raundi ya pili peke yake, RAM si lazima iwe mbovu. Jaribu kushusha kidogo, 6000 iwe 5600, upime tena. Ukitumia vipande vinne vya DDR5 usishangae kasi ya kwenye boksi ikigoma kabisa; ni mzigo mkubwa kwa kidhibiti kilicho ndani ya prosesa, na vipande viwili vyenye ukubwa zaidi karibu kila mara ni chaguo bora. Lakini kama ni jozi moja iliyouzwa pamoja, iliyomo kwenye orodha ya RAM zilizokubaliwa na mtengenezaji wa ubao wako, nayo haipiti kwa profaili yake yenyewe, irudishe. Ulilipia kasi hiyo.

Kuna wanaosema DDR5 haina haja ya kupimwa kwa sababu ina ECC (urekebishaji wa makosa) ndani. ECC hiyo hurekebisha makosa ndani ya chipu yenyewe tu. Data ikiwa njiani kati ya RAM na prosesa haina ulinzi huo.

Hatua ya 4: Windows, draiva na jicho la kutazamia

Weka Windows, sasisha yote, weka draiva za chipseti na za kadi ya picha kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Hakikisha kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao mama.

Kisha weka HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya kompyuta, ufungue sehemu ya vihisi. Utakuwa unaangalia nyuzi joto za prosesa, nyuzi joto za kadi pamoja na ile ya sehemu yake yenye joto zaidi, nyuzi joto za SSD, na mstari wenye maneno WHEA. Mstari huu huhesabu makosa ya vifaa ambayo Windows imeyapokea, yakiwemo yale yaliyorekebishwa kimya kimya bila wewe kuona chochote. Ubaki sufuri siku zote za majaribio. Usiache programu nyingine za kupima au za kuwasha taa za rangi zikisoma vihisi vilevile kwa wakati mmoja. Zinagombana na kukupa namba za ajabu.

Hatua ya 5: prosesa

Anza na Cinebench kwa dakika kumi. Ni mzigo mzito lakini wa kweli, na utakuonyesha kama upoozaji unafanya kazi. Kuhusu namba, usiogope kwa kukariri. Ryzen 7000 nyingi zimeundwa zifike nyuzi joto 95 zikiwa na mzigo kamili na kukaa hapo. 7800X3D ukomo wake ni 89. Intel za kizazi cha 12 hadi 14 zenye herufi K ukomo wake ni 100. Zikifika ukomo hupunguza kasi zenyewe. Kinachonitia wasiwasi ni namna ya kupanda: prosesa inayoruka kutoka 40 hadi 100 ndani ya sekunde mbili na kasi ikashuka hapohapo, kipoza joto chake hakijakaa sawa. Kwa Intel, angalia pia kama ubao umeondoa ukomo wa wati. Chagua mipangilio ya msingi ya Intel kwenye BIOS.

Baada ya hapo, Prime95. George Woltman aliianzisha mwaka 1996 kwa ajili ya kusaka namba tasa za Mersenne, na uwezo wake wa kukamata makosa unatokana na kazi hiyo. Msako huo unahitaji hesabu za wiki nzima zisizokosea hata biti moja, kwa hiyo programu inajua jibu sahihi la kila jaribio na inakagua kila hatua kama imepotoka. Ni kali kiasi kwamba mwanzoni mwa 2016 Intel ilikiri kasoro katika prosesa zake za Skylake iliyokuwa imefichuliwa kwa Prime95, na ikairekebisha kwa sasisho la BIOS.

Chagua Small FFTs kwa nusu saa. Hii hukaa ndani ya kumbukumbu ndogo ya prosesa na kutoa joto kubwa kuliko gemu yoyote itakayowahi kutoa. Kisha Blend kwa saa nne hadi nane, ambayo huchanganya prosesa, kidhibiti cha RAM na RAM yenyewe. Kosa litaonekana hivi: mfanyakazi mmoja (worker, yaani sehemu moja ya hesabu za Prime95) kati ya wengi amesimama, na kwenye dirisha lake kuna maneno FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4. Andika namba ya mfanyakazi huyo. Ukirudia na akasimama yuleyule, umepata kiini kimoja dhaifu cha prosesa. Akisimama huyu leo na mwingine kesho, irudie RAM kwanza.

Hatua ya 6: kadi ya picha

Zungusha Unigine Superposition kwa saa nzima, au jaribio la mkazo la 3DMark ambalo hurudia mandhari moja mara 20 na kutaka uthabiti wa fremu usiopungua asilimia 97. Usiondoke uende zako. Kaa uangalie skrini, hasa dakika za mwisho kadi ikishapata moto: madoa ya rangi yanayometameta, pembetatu nyeusi zinazochomoza kutoka kwenye vitu, mistari inayopita kama mvua. Hivyo ni dalili za chipu au za kumbukumbu ya kadi, na hakuna mpangilio wa gemu utakaoviondoa.

FurMark inatosha dakika kumi tu, kwa ajili ya kuona joto. Si mzigo unaofanana na gemu, na kuiacha saa tatu hakukupi habari mpya. Linganisha joto la wastani la kadi na lile la sehemu yake yenye moto zaidi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni ya kawaida. Ikizidi 30, mgandamizo au pesti ya joto haikuwekwa vizuri kiwandani. Usiifungue mwenyewe, itumie waranti. Mlio mwembamba kama wa mbu fremu zikiwa nyingi sana unaudhi lakini si dalili ya ubovu.

Kumbukumbu ya kadi (VRAM) ina jaribio lake kwenye programu ya OCCT, sehemu ya VRAM. Mizunguko michache, makosa sufuri.

Hatua ya 7: vyote kwa pamoja

Prosesa peke yake imepita, kadi peke yake imepita. Sasa pawa saplai ndiyo inayopimwa. OCCT ina jaribio liitwalo Power linalobebesha vyote kwa wakati mmoja. Liache nusu saa hadi saa moja, kasha likiwa limefungwa kama litakavyokaa siku zote, na kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani moja kwa moja badala ya kwenye ekstensheni iliyojaa vitu vingine. Kasha lililofungwa ni muhimu kwa sababu nyingine pia: joto la kadi hupanda juu kwenye RAM, na RAM iliyopita usiku kucha ikiwa baridi inaweza kukosea ikipashwa moto. Kwa hiyo acha kadi ifanye kazi nusu saa, kisha papo hapo endesha jaribio la RAM la OCCT.

Ukiwa hapo, tumia pua. Harufu kidogo ya kifaa kipya siku ya kwanza ni kawaida. Harufu ya plastiki inayoungua, zima kwa swichi ya nyuma. Baada ya kuzima, gusa plastiki ya plagi ya kadi ya picha. Uvuguvugu sawa. Ikiwa huwezi kuacha kidole, kuna mguso mbaya ndani.

Kuhusu volti, njia ya 12V inatakiwa ibaki kati ya 11.4 na 12.6. Namba za HWiNFO hapa si za kutegemea sana, maana vihisi vya bao nyingi ni vya kukadiria. Angalia mwendo wake: 12.1 inayoshuka hadi 12.0 mzigo ukiingia ni nzuri. Inayoporomoka kwa kishindo kila kadi inaposhtuka si nzuri.

Hatua ya 8: diski

Haraka tu. CrystalDiskInfo iseme hali ni nzuri, na SSD isizidi takriban nyuzi 80 ukiandika faili kubwa. Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa wepesi wake: chukua faili moja la GB 20 au zaidi, linakili kwenye diski nyingine, fungua Command Prompt, na uombe alama ya kila nakala, yaani namba ndefu inayobadilika faili likibadilika hata biti moja:

certutil -hashfile D:\jaribio.zip SHA256

Herufi na tarakimu 64 zinazotoka zilingane kabisa kwa nakala zote mbili. Rudia mara tatu nne. Ningelijua hili mapema, zile picha zangu zingekuwa salama.

Hatua ya 9: ikiwa imepumzika

Watu hupima mzigo na kusahau mapumziko. Prosesa za siku hizi hushusha volti sana zikiwa hazina kazi, kisha huruka ghafla kwa kiini kimoja kwenda kasi ya juu kabisa. Ruko hilo ndilo huangusha mashine iliyopunguzwa volti kupita kiasi, nayo itapita Prime95 saa kumi bila shida. Kama umetumia Curve Optimizer ya AMD, mpangilio wa kupunguza volti za viini, pima kiini kimoja kimoja kwa programu ya CoreCycler.

Kisha iache imewashwa usiku mmoja bila kazi. Ilaze na kuiamsha mara tano. Izime kabisa kwa kubonyeza Shift pamoja na Shut down, kwa sababu kuzima kwa kawaida kwenye Windows si kuzima kamili, halafu chomoa ukutani robo saa na uwashe ikiwa baridi. Mashine inayokwama asubuhi tu, au isiyoona RAM mara moja katika kumi, hufichuka hapa.

Hatua ya 10: gemu

Sasa cheza, jioni mbili. Gemu nzito mbili tatu za injini tofauti, kwa saa mbili tatu bila kutoka. Gemu za Unreal Engine zinazoandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha) mara ya kwanza zinapofunguliwa ni mtihani mzuri zenyewe, maana hubana viini vyote vya prosesa. Kama moja itajifunga na kukuambia Out of video memory wakati kadi yako ina kumbukumbu tele, usikimbilie kulaumu kadi: kwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 ujumbe huo ulijulikana kuwa dalili ya prosesa iliyoyumba, iliyokosea kukunjua data.

Ikianguka, isome

Namna inavyoanguka inasema mengi. Ikizimika kabisa ghafla kama taa, bila skrini ya bluu, fikiria pawa saplai inajilinda, au plagi iliyolegea. Skrini ikiwa nyeusi huku sauti ikiendelea, kisha picha ikarudi, ni draiva au kadi: Windows huipa kadi sekunde mbili kujibu, na isipojibu huiwasha upya. Ikiganda na sauti ikajirudia kama santuri iliyokwaruzwa, anza na RAM na prosesa.

Kwenye skrini ya bluu, piga picha ya maneno. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT huelekeza kwenye prosesa na volti zake. MEMORY_MANAGEMENT ikitokea leo na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA kesho, misimbo inayobadilikabadilika bila mpangilio, mara nyingi ni RAM. VIDEO_TDR_FAILURE ni upande wa kadi.

Kisha andika perfmon /rel kwenye dirisha la Run. Itatokea kalenda ya maanguko yote, na alama nyekundu kwa kila siku mbaya. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta Kernel-Power 41 na utadhani umepata jibu. Hujapata: inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Tafuta WHEA-Logger kabla yake. Namba 18 ni kosa zito la kifaa, 19 ni lililorekebishwa, na 17 mara nyingi ni njia ya PCIe, inayounganisha kadi na ubao mama, ambapo kuchomoa kadi na kuirudisha kwa uangalifu huenda kukatosha.

Kabla ya kununua chochote, zima XMP au EXPO na kila ulichozidisha au kupunguza, urudie jaribio lilelile lililofeli. Likipita, kifaa kizima na mpangilio ndio mbovu. Likifeli kwa mipangilio ya kiwandani, una haki ya kukirudisha kifaa, na daftari lako, pamoja na picha ya kosa na jina la jaribio, litakupa maneno ya kumwambia muuzaji yasiyoweza kupuuzwa. Si "kompyuta inasumbua", bali "kipande hiki kimekosea Memtest86+ mara tatu, peke yake, katika nafasi mbili tofauti, kwa kasi ya JEDEC".

Yote yakipita, hifadhi mipangilio ya BIOS kama profaili, ipige picha, na uandike nyuzi joto za juu za kila jaribio ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na joto la chumba siku hiyo. Zitakusaidia baada ya miezi sita vumbi likiingia. Maboksi yaweke mpaka waranti iishe.

Kisha hamishia picha zako, na nakala za zamani usizifute mpaka umelinganisha alama zake.